Zenodo kwa tasnifu, data na slaidi: ghala zuri, na kisanduku kimoja kinachowaponza wengi

Kwa mwenye haraka: ukitaka kuweka hadharani data za utafiti, slaidi za mhadhara, dodoso ulilolitunga mwenyewe au msimbo wa programu, Zenodo ndiyo huduma ya bure tunayoipendekeza kwanza kwa mwanafunzi na mhadhiri wa Afrika Mashariki. Kwa tasnifu, inakuja nyuma ya hazina ya chuo chako, yaani ghala la mtandaoni la kazi za chuo. Kwa madesa yaliyozagaa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, kaa nayo mbali kabisa.

Mitambo ni ileile kwa vyote vitatu. Kinachotofautisha ni swali moja ambalo Zenodo haikuulizi wakati wa kupakia: je, hiki ni chako kukigawa? Inakuamini. Unabonyeza, kinapanda, na dunia nzima inaambiwa kwamba umetoa ruhusa.

Zenodo inaendeshwa na CERN, kile kituo cha fizikia cha Geneva, kwa kushirikiana na mradi wa OpenAIRE na kwa fedha za Tume ya Ulaya. Ilifunguliwa Mei 2013, na jina lake linamkumbuka Zenodotus, mkutubi wa maktaba ya kale ya Aleksandria. Oktoba 2023 ilihamishiwa kwenye programu mpya iitwayo InvenioRDM, kwa hiyo mwongozo wowote wenye picha za skrini za kabla ya hapo utakupoteza. Hakuna ada ya kupakia wala ya kupakua. Kila rekodi inabeba hadi GB 50 na faili zisizozidi 100. Mwenye picha 300 za majani ya mihogo azifunge kwenye zip moja, mambo yaishe.

Ukurasa ni wa Kiingereza, na hilo ni doa kwa huduma inayojinadi kuwa ya dunia nzima. Lakini kazi yenyewe inaweza kuwa ya Kiswahili tupu: kichwa, muhtasari na maneno muhimu vyote vinakubalika. Kuna sehemu ya kutaja lugha ambayo watu wengi huiruka. Usiiruke. Andika Swahili, ichague, la sivyo anayetafuta kazi za Kiswahili kwa kuchuja lugha hataiona yako.

Fungua akaunti kwa kutumia ORCID badala ya barua pepe ya chuo. ORCID ni namba ya bure ya mtafiti yenye nafasi 16, na hukaa nawe hata anwani ya chuo ikifungwa baada ya mahafali. Inatatua pia tatizo letu la majina matatu. Zenodo inataka jina la ukoo na jina lako katika visanduku viwili tofauti; Asha Juma Hamisi akijaza leo Hamisi na kesho Juma Hamisi, atahesabiwa watu wawili. Namba ya ORCID ikiwepo, kazi zote zinarudi kwa Asha mmoja.

Mwanzoni kabisa utaulizwa kama kazi tayari ina DOI, yaani ile namba ya kudumu ambayo hata tovuti ikihama bado inakufikisha kwenye kazi. Hapa makosa ni mengi. Makala iliyokwisha kutoka kwenye jarida ina DOI yake. Iandike hiyo hiyo. Ukichukua mpya, makala moja inakuwa na namba mbili na wanaokunukuu wanagawanyika. Kama haina, bonyeza kitufe cha kuomba DOI. Itatolewa papo hapo, ikianza na 10.5281/zenodo na kufuatiwa na nukta na tarakimu, kabla hujachapisha chochote. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuinakili, ukaibandika kwenye ukurasa wa pili wa PDF yako, kisha ndipo ukapakia PDF yenyewe. Usiitume tu kwa mtu kabla ya kuchapisha, maana hadi hapo haimfikishi popote.

Ukishachapisha utaona DOI mbili, na swali hili huulizwa kila siku. Moja ni ya toleo ulilopakia. Nyingine ni ya matoleo yote na daima inampeleka msomaji kwenye la karibuni. Anayenukuu takwimu kutoka jedwali lako ataje ya toleo. Kwenye CV au kwenye bango la kongamano weka ya matoleo yote. Maelezo kama kichwa na muhtasari unaweza kuyahariri wakati wowote. Faili ni habari nyingine: chukulia kwamba likishachapishwa limechapishwa, na ukigundua kosa kwenye safu ya tatu ya jedwali, toa toleo jipya. Ukitaka kujaribu bila hofu, kuna sandbox.zenodo.org, uwanja wa mazoezi wenye akaunti yake na DOI zisizo za kweli. Tumia huo kwanza. Wengi huutambua baada ya kuharibu.

Sasa kisanduku chenyewe. Ukifungua fomu mpya, sehemu ya leseni imeshajazwa: Creative Commons BY 4.0 (kwa kifupi CC BY 4.0), moja ya leseni za shirika la Creative Commons za kugawa kazi kwa uwazi. Hujachagua, umechaguliwa. Kwa waendeshaji ni jambo la busara, kwa sababu lengo lao ni elimu iliyo wazi. Kwa mwanafunzi anayekimbizana na bando la saa moja, ni mtego. Anashuka hadi chini, anachapisha, na hajui ametoa ruhusa ya kunakili, kutafsiri, kubadili na hata kuuza kazi yake, mradi tu atajwe.

Wala hawezi kuirudisha. Leseni hizi hazitenguliki. Unaweza kuhariri rekodi kesho ukaweka leseni kali zaidi, lakini aliyepakua jana anabaki na ruhusa ya jana.

Herufi zenyewe hazina uchawi. BY ni kutaja mwenye kazi. SA inamtaka atakayeibadili atoe yake kwa leseni ileile. NC inakataza matumizi ya kibiashara. ND inakataza kugawa nakala iliyobadilishwa. Ukizichanganya unapata leseni sita, na nje ya hizo kuna CC0, ambayo ni kuachia kila kitu. Toleo la 4.0, linalotumika sasa, lilitoka Novemba 2013.

ND inapendwa sana na wahadhiri wetu, kwa hofu ya kupotoshwa. Wanachosahau ni kwamba tafsiri ni mabadiliko. Ukiandika kwa Kiingereza mwongozo wa kudhibiti viwavijeshi kisha ukauwekea ND, umemzuia mtu wa Kongwa au Kitale asichapishe tafsiri yake ya Kiswahili kwa ajili ya wakulima bila kukutafuta kwanza, na huenda wakati huo umeshastaafu na barua pepe hujibu. Kama hofu ni kupotoshwa, BY pekee inakukinga kiasi: anayebadili analazimika kusema kwamba amebadili, na unaweza kumtaka aondoe jina lako.

NC nayo ina utata wake, na utata huo uko pale pale kwenye duka la kutolea kopi. Mhadhiri ameweka nukuu zake za mihadhara kwa BY-NC. Mwanafunzi anapeleka flashi dukani, anatoa kopi, analipia kila ukurasa. Mwenye duka amefanya biashara? Swali hili limewahi kufika mahakamani Marekani, katika kesi ya Great Minds dhidi ya FedEx Office. Great Minds walikuwa wametoa vitabu vya hisabati kwa BY-NC-SA. Shule zikawapa FedEx wazitolee kopi kwa malipo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilisema duka halijavunja leseni, kwa kuwa mwenye matumizi ni shule, na duka ni mkono wake tu. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Dodoma wala wa Nairobi, lakini unaonyesha mahali penye ufa. Mwenye duka anayechapa nakala hamsini kabla hajaagizwa na mtu, akazipanga kaunta na kuziuza, hafanani na FedEx wa kesi ile. Ukitaka duka lisikuhangaishe wewe wala wanafunzi wako, andika sentensi moja kwenye ukurasa wa kwanza: maduka yanaruhusiwa kutoa kopi kwa gharama ya karatasi na kazi. Ruhusa ya ziada unaweza kuitoa daima. Kinachokataliwa ni kuipunguza.

Msimbo wa kompyuta usiuwekee Creative Commons hata kidogo. Wenyewe Creative Commons hawaipendekezi kwa programu. Chukua leseni za programu kama MIT, Apache 2.0 au GPL. Zote zimo kwenye orodha ya Zenodo. Ukiunganisha akaunti yako ya GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo, na kuuwasha mradi husika, kila toleo unalolitoa kule linahifadhiwa na kupewa DOI lenyewe. Sehemu hii inafanya kazi vizuri, hatuna malalamiko.

Tasnifu ndiyo yenye kesi ngumu. Fungua kurasa za mwanzo za tasnifu nyingi za Tanzania. Baada ya ukurasa wa ikirari utakuta aya ya haki miliki: kazi hii inalindwa na Mkataba wa Berne na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, hairuhusiwi kunakiliwa yote wala sehemu, isipokuwa vipande vifupi kwa ajili ya utafiti, kujisomea au uhakiki, bila idhini ya maandishi ya mkuu wa masomo ya uzamili kwa niaba ya mwandishi na chuo. Wanafunzi huinakili kutoka tasnifu ya aliyetangulia bila kuisoma. Kisha faili hilo hilo linapanda Zenodo kwa BY 4.0. Ukurasa wa nne unasema usinakili. Rekodi inasema nakili, badili, uza. Msomaji amwamini nani? Na kama idhini ni ya watu wawili, mmoja wao hakuulizwa.

Utaratibu ulio salama ni huu. Soma kanuni za uzamili za chuo chako na sera yake ya miliki bunifu. Vyuo vingi vinayo, ingawa imefichwa kwenye tovuti. Peleka tasnifu kwanza kwenye hazina ya chuo. Hazina nyingi za kanda hii zinatumia DSpace, na rekodi hupewa kiungo cha kudumu huko huko. Ukitaka pia Zenodo, andika barua ya nusu ukurasa kwa ofisi ya uzamili ukitaja leseni unayoikusudia kwa jina kamili, upate jibu lenye sahihi, kisha badilisha ile aya ya haki miliki ilingane na leseni. Kwenye fomu chagua aina ya tasnifu, ujaze chuo kilichotunuku shahada. Mwandishi ni wewe peke yako. Msimamizi anaingia kwenye sehemu ya wachangiaji, ambako kuna cheo cha msimamizi. Kumweka kwenye uandishi kwa heshima ni kumpa hati ya nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Kabla ya hapo pitia viambatisho, maana uchafu mwingi uko huko. Fomu za ridhaa zenye majina na namba za simu za wahojiwa zitoke. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na hakuna leseni ya Creative Commons inayokupa ruhusa ya kugawa siri ya mtu mwingine. Sahihi zilizoskaniwa zitoke pia, kwa sababu za wazi kwa yeyote anayejua mihuri inavyochongwa mjini. Barua ya ruhusa ya kutumia kipimo cha kisaikolojia ulichokikopa kwa mwenyewe haikuwa ruhusa ya kukichapisha. Halafu picha. Chini ya picha ya ramani kumeandikwa “Chanzo: Google”. Google ni njia uliyopitia. Mwenye picha yuko mwisho wa njia hiyo na hukumfikia. Kutaja chanzo ni adabu ya kitaaluma inayokuepusha na wizi wa maandishi. Ruhusa ya kutumia picha nzima ni jambo la haki miliki. Mtu anaweza kutimiza moja na kuvunja jingine kwa wakati mmoja.

Sheria za Tanzania na Kenya zinaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachohitajika, ukitaja mwenyewe, kwa hiyo aya mbili za mwanazuoni hazikuletei shida. Mchoro mzima kutoka jarida la kulipia ni tofauti. Omba ruhusa kwa mchapishaji, au chora wako kwa data zilezile, kwani namba zenyewe hazina hakimiliki. Au tafuta mchoro wenye leseni wazi na uutaje kikamilifu. Mstari uliokamilika unafanana hivi: “Muundo wa kisima kifupi, Asha J. Hamisi, zenodo.org (na DOI yake), CC BY 4.0, maandishi yametafsiriwa kwa Kiswahili.” Jina la kazi, mwenyewe, ilipo, leseni, na ulichobadili. Ukisahau kimoja kati ya hivyo, isipokuwa jina la kazi ambalo toleo la 4.0 halilazimishi, leseni inakatika yenyewe, ila toleo la 4.0 lina huruma: ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa, inarudi.

Makala za majarida zina sheria zao. Ulipotia sahihi fomu ya kukabidhi haki, PDF nzuri yenye nembo ya jarida iliacha kuwa yako kuisambaza. Wachapishaji wengi, hata hivyo, wanakuachia mswada uliokubaliwa, yaani faili lako la Word la mwisho baada ya marekebisho ya wahakiki, kabla ya wao kulipanga. Mara nyingi kuna muda wa kungoja, na miezi 12 ni ya kawaida. Masharti ya kila jarida unayapata bure kwenye Open Policy Finder ya Jisc ya Uingereza, ile iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Sherpa Romeo. Zenodo inakusaidia vizuri katika hili: weka faili leo, chagua zuio la muda, jaza tarehe. Rekodi itaonekana, faili litabaki limefungwa na kufunguka lenyewe siku ikifika. Usiliwekee BY kwa mazoea. Baadhi ya wachapishaji wanataka BY-NC-ND kwa mswada huo na wanasema hivyo waziwazi.

Kuhusu madesa hatuna mengi. Slaidi za mhadhiri ni zake au za mwajiri wake. Kazi iliyofanywa ndani ya ajira, haki za kiuchumi kwa kawaida huhesabika za chuo, mkataba usiposema vinginevyo. Kuzituma kwa mwenzako ajisomee ni jambo moja. Kuzipandisha kwenye ghala la kudumu kwa jina lako, zikapata DOI na leseni ya kuuzika, ni kutoa sadaka kwa fedha ya jirani. Kitabu kilichoskaniwa kizima ndiyo usiseme. Watu hupenda kutaja kesi ya duka la fotokopi la Chuo Kikuu cha Delhi, ambako Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walishtaki 2012, jaji akaitupa kesi Septemba 2016, na wachapishaji wakajiondoa 2017. Ilitegemea kifungu cha sheria ya India kuhusu kufundisha. Usikibebe kama ngao huku.

Kero za kiufundi zipo, nazo zinauma zaidi kwenye mtandao wetu. Mtandao ukikatika faili likiwa limefika asilimia 90, unaanza upya. Hakuna kuendelea ulipoishia kwenye kivinjari. Gawanya data kwenye zip za MB 200 hadi 300 badala ya moja ya GB 4. Rekodi inaonyesha alama ya MD5 ya kila faili, mfuatano wa herufi na tarakimu 32. Linganisha na yako: kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile data.zip MD5, kwenye Linux md5sum data.zip. Zikitofautiana hata herufi moja, faili lako na lililoko kule si kitu kimoja. PDF ya tasnifu ibane ishuke chini ya MB 5, kwa sababu hicho ndicho kikomo ambacho Google Scholar inakitaja kwa faili inazozisoma. Tasnifu iliyoskaniwa kama picha bila maandishi yake kutambuliwa na programu ni karatasi ndani ya kabati; hakuna atakayeipata kwa kutafuta neno.

Jambo jingine la kufahamu: Zenodo haihakiki ubora. Hakuna mhariri, hakuna wahakiki. DOI inathibitisha kwamba faili lipo, basi. Anayeiorodhesha kwenye CV kama makala ya jarida anajitafutia aibu mbele ya kamati ya kupandisha vyeo.

Washindani? Figshare ni nzuri na sura yake inapendeza zaidi, lakini ni ya kampuni, na akaunti ya bure ina nafasi finyu. Academia.edu, licha ya mkia wake wa edu, ni kampuni ya kibiashara, na msomaji asiye na akaunti husumbuliwa hadi achoke. ResearchGate nayo ni kampuni. Ilishtakiwa na Elsevier na American Chemical Society kwa sababu watumiaji walikuwa wakipandisha PDF za wachapishaji, na shauri likamalizika kwa makubaliano 2023. Zote tatu unaweza kuzitumia kama mbao za matangazo zenye kiungo kinachorudi Zenodo.

Alama zetu: 9 kati ya 10 kwa data na slaidi zako, 6 kwa tasnifu. Pungufu hizo tungezifuta siku kisanduku cha leseni kitakapoachwa kitupu na kumlazimu mtu achague.

Na kama umeshapandisha kisicho chako, usingoje mwenyewe akigundue. Waandikie wahudumu kupitia fomu yao ya msaada, utaje DOI na sababu. Faili litaondolewa, ila DOI haifi: anayeibofya atafika kwenye ukurasa unaosema kwamba rekodi ilikuwapo na imeondolewa.